Paneli za sola: Sifa zinazoamua kiasi cha umeme wa mwaka mzima

KWA miaka mingi, Mkenya anayekwenda dukani kununua paneli ya sola ameuliza swali moja tu: Je, ni ya wati ngapi? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa bei yenyewe hupangwa kwa wati. Hata hivyo, jibu lake halitoshi kumwambia atavuna yuniti ngapi za umeme kuanzia Januari hadi Desemba.

Siku hizi shule, hospitali, viwanda vya majani chai na hata makanisa hupokea kutoka kwa wanakandarasi kabrasha lenye makadirio yaliyofanywa kwa kompyuta. Katika kabrasha hilo mna tarakimu moja inayobeba uzito wote, nayo ni idadi ya kilowati-saa, yaani yuniti, ambazo mtambo unatarajiwa kuzalisha kwa mwaka. Ni kwa msingi wa tarakimu hiyo ambapo mkopo hutolewa, jenereta ya dizeli huuzwa na mkataba wa miaka 15 au 20 hutiwa sahihi.

Tarakimu ikiwa imevimbishwa, mkopo haupungui. Anayeumia ni mlipaji karo au mgonjwa, wala si aliyeandika kabrasha.

Wati za maabara

Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa katika maabara kwa masharti yaliyokubaliwa kimataifa. Mwanga unaoangukia paneli huwa ni wati 1,000 kwa kila mita mraba, na joto la seli huwa nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli humulikwa kwa taa maalumu kwa muda mfupi mno, aghalabu chini ya sekunde moja, kabla haijapata wasaa wa kupata moto.

Nje ya maabara, masharti hayo mawili ni nadra kukutana. Jua linapofikia wati 1,000 kwa mita mraba, huwa ni adhuhuri, na paneli iliyokaa juani tangu asubuhi huwa imechemka. Nazo seli zinapokuwa na nyuzi 25, aghalabu ni asubuhi mapema au mbingu imetanda mawingu, na mwanga ni hafifu. Kwa hivyo wati zilizoandikwa ni kipimo cha kulinganishia bidhaa sokoni. Si ahadi ya kazi itakayofanywa juu ya paa.

Hapo ndipo zinapoingia programu za kompyuta zinazoiga utendakazi wa mtambo kabla haujajengwa. PVsyst, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Geneva nchini Uswisi, ndiyo inayotumiwa sana na wahandisi na wakopeshaji. PVWatts ilitolewa na maabara ya NREL ya Marekani mwaka 1999. PVGIS ya Tume ya Ulaya ina takwimu za jua za Afrika pia na hutumiwa bila malipo.

Zote hufuata njia moja. Mwaka hugawanywa katika saa zake 8,760. Kwa kila saa, programu hutafuta jua lilipo angani, ikakadiria mwanga unaofikia uso wa paneli, ikaondoa ule unaorudishwa na kioo, ikakisia joto la seli, ndipo ikakokotoa nguvu inayotoka. Baadaye huondoa upotevu wa nyaya na wa inveta, kisha hujumlisha saa zote. Mahali sifa za paneli zinapoingia ni katikati ya safari hiyo, na hapo ndipo paneli mbili za wati sawa huanza kuachana.

Joto ni adui

Watu wengi hudhani kwamba jua likiwa kali zaidi, paneli hufurahi zaidi. Ukweli ni kwamba paneli hupenda mwanga na huchukia joto. Silikoni inapopata moto, volti zake hushuka, na nguvu hushuka pamoja nazo.

Kila hati ya maelezo ya paneli huonyesha asilimia ya nguvu inayopotea kwa kila uzijoto mmoja juu ya 25. Katika paneli nyingi za zamani za silikoni ya fuwele nyingi, kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 0.45. Zile za aina ya PERC zilikishusha hadi karibu 0.35, nazo za TOPCon hadi karibu 0.30. Paneli zinazounganisha silikoni ya fuwele na tabaka jembamba la silikoni isiyo na fuwele zimefika karibu 0.26.

Tofauti kati ya 0.45 na 0.26 yaonekana kuwa ndogo kiasi cha kupuuzwa. Tuipeleke Garissa.

Hati hiyohiyo hutaja joto ambalo seli hufikia paneli ikiwa wazi, hewa ikiwa na nyuzi 20, upepo mwanana ukivuma na jua likiwa wati 800 kwa mita mraba. Kwa paneli nyingi, joto hilo ni nyuzi 45 hivi. Maana yake ni kwamba jua la wati 800 huiongezea seli nyuzi 25 juu ya joto la hewa, na jua la kiasi kingine huiongezea kwa uwiano uo huo.

Chukua adhuhuri mjini Garissa, hewa ikiwa na nyuzi 34 na jua wati 900. Seli itapanda nyuzi 28 juu ya hewa na kufika 62. Hizo ni nyuzi 37 juu ya zile za maabara. Paneli ya 0.45 itakuwa imepoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake, ilhali ile ya 0.26 imepoteza chini ya asilimia 10. Zote mbili zimeandikwa wati zilezile.

Sasa chukua Limuru, saa iyo hiyo na jua lilo hilo, lakini hewa ikiwa na nyuzi 19. Seli itafika nyuzi 47. Paneli ya kwanza itapoteza karibu asilimia 10 na ya pili karibu asilimia 6. Pengo limepungua kutoka saba hadi nne.

Tupige hesabu ya mwaka kwa shule ya bweni ya kubuni, yenye mtambo wa kilowati 20. Tuchukulie kwamba Garissa hupata jua la kilowati-saa 2,100 kwa kila mita mraba kwa mwaka, na kwamba saa ya wastani ni ile yenye jua la wati 600 na hewa ya nyuzi 32. Seli huwa na nyuzi karibu 51. Paneli ya 0.45 hupoteza asilimia 11.6 kwa sababu ya joto, na ile ya 0.26 hupoteza 6.7.

Tukiondoa asilimia 14 kwa vumbi, vivuli, nyaya na mengineyo, kiasi ambacho PVWatts hukitumia mtu asipochagua kingine, kisha asilimia 4 ya inveta, shule itapata takriban yuniti 30,700 kwa paneli ya kwanza na 32,400 kwa ya pili. Tofauti ni yuniti 1,700 kila mwaka.

Si haba. Pampu ya maji ya kilowati 1.5 inayofanya kazi saa tatu kila siku, mwaka mzima, hutumia takriban yuniti 1,640. Kwa shule ya Garissa, basi, mstari mmoja katika hati ya paneli una thamani ya maji ya kisima.

Hesabu iyo hiyo ikifanywa kwa shule ya Limuru, tukichukua jua la kilowati-saa 1,800 na hewa ya nyuzi 18, tofauti hushuka hadi yuniti 650 hivi. Huko huenda pesa za ziada za kununua paneli isiyoogopa joto zikafaa kutumiwa kwingineko.

Programu halisi hufanya hesabu hizi saa kwa saa na matokeo yake hutofautiana kidogo na haya ya kalamu na karatasi. Mwelekeo, hata hivyo, haubadiliki.

Jambo jingine ambalo mafundi wetu hulipuuza ni namna ya kufunga. Katika PVsyst, mhandisi huchagua iwapo paneli imesimama wazi na kupigwa na upepo pande zote, au imelazwa karibu na paa. Paneli iliyobanwa juu ya mabati bila nafasi ya hewa kupita huweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 10 juu ya ile iliyo wazi. Kabrasha likiwa limechagua 'wazi' ilhali fundi anakusudia kulaza paneli juu ya mabati, makadirio yameharibika kabla ya msumari wa kwanza kupigiliwa.

Siku za mawingu

Nyanda za juu zina mtihani wao. Kati ya Juni na Agosti, Nairobi, Limuru na viunga vyake hukaa siku nyingi chini ya mawingu, na jua la wati 200 kwa mita mraba huwa jambo la kawaida.

Katika mwanga hafifu, baadhi ya paneli hushika ufanisi wake vizuri na nyingine huuachilia. Paneli nzuri ya silikoni, ikipimwa kwa jua la wati 200, hubaki na takriban asilimia 96 hadi 98 ya ufanisi iliyokuwa nao kwa jua la wati 1,000. Paneli ambayo seli zake huvujisha umeme ndani kwa ndani huweza kushuka chini ya asilimia 95. Huko Garissa tofauti hii haionekani sana katika jumla ya mwaka, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme huzalishwa jua likiwa kali. Limuru huonekana.

Kwa sababu hiyo mwandishi huyu hana imani na orodha za 'paneli bora duniani'. Paneli inayoongoza Garissa huenda isiongoze Kinangop.

Ufanisi haumaanishi unavyodhani

Neno linalotumiwa vibaya kuliko yote na wauzaji ni 'ufanisi'. Mteja huambiwa kwamba paneli ya ufanisi wa asilimia 22 itampa umeme mwingi kuliko ile ya asilimia 15. Ikiwa wati ni zilezile, dai hilo si sahihi.

Ufanisi ni uwiano wa umeme unaotoka na mwanga ulioingia katika eneo fulani. Kilowati 20 za paneli za asilimia 15 zahitaji mita mraba 133 hivi. Kilowati 20 za paneli za asilimia 22 zahitaji mita mraba 91. Zikipewa jua moja na joto moja, na sifa nyingine zikiwa sawa, yuniti za mwaka hulingana. Kilichopungua ni ukubwa wa paa, vyuma vya kushikilia na kazi ya fundi. Kwa mwenye duka la ghorofani katika mtaa wa Eastleigh, ambako paa ni dogo, hilo ni jambo kubwa. Kwa mfugaji mwenye ekari 50, si kitu.

Mtambo wa sola wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, watoa mfano mzuri. Mtambo huo, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa megawati 50, una paneli zaidi ya 200,000 za wati 265 kila moja, ambazo kwa jumla ni karibu megawati 55. Kwa paneli za wati 550, nusu ya idadi hiyo ingetosha. Lakini megawati zingebaki zilezile, na kama tabia ya joto isingebadilika, yuniti za mwaka zisingeongezeka kwa sababu tu paneli ni kubwa.

Kuzeeka, na funzo la miaka ya tisini

Makadirio mengi humwonyesha mteja mwaka wa kwanza pekee, wakati paneli ni mpya. Mkopo hulipwa miaka yote.

Utafiti wa NREL uliokusanya vipimo vingi kutoka sehemu mbalimbali za dunia ulionyesha kwamba kiwango cha kati cha kuzeeka kwa paneli ni takriban asilimia 0.5 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, paneli hubaki na asilimia 90 ya nguvu zake baada ya miaka 20. Ikizeeka kwa asilimia 0.8, hubaki na 85. Kwa shule yetu ya Garissa, pengo hilo katika mwaka wa ishirini ni karibu yuniti 1,700, sawa na lile la joto.

Kuna pia mshuko wa mwanzo. Paneli nyingi za PERC hupoteza asilimia moja hadi tatu baada ya kuonja jua kwa mara ya kwanza. Zile zinazotumia silikoni ya aina ya N, zikiwemo za TOPCon, karibu haziathiriki. Katika kabrasha, mshuko huu huwa mstari mmoja tu, na ni rahisi kuufanya sufuri.

Kenya ililipia funzo hili zamani. Katika miaka ya tisini, nchi hii ilikuwa na soko kubwa la paneli ndogo za wati 10 hadi 14 za silikoni ya amofasi, yaani isiyo na mpangilio wa fuwele. Wakulima na walimu wa mashambani walizinunua kwa pesa taslimu ili wapate taa na televisheni ya rangi nyeupe na nyeusi.

Silikoni ya aina hiyo ina tabia iliyogunduliwa na Staebler na Wronski mwaka 1977: hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake katika miezi ya kwanza ya kupigwa na mwanga, kisha hutulia. Muuzaji mwaminifu huandika wati za baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika za siku ya kwanza, au huandika apendavyo.

Mwaka 1999, paneli zilizokuwa zikiuzwa nchini zilipimwa na watafiti, wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen. Ilibainika kwamba baadhi ya chapa zilitimiza ahadi na nyingine zilikuwa pungufu mno. Matokeo yalipotangazwa, soko lilijirekebisha kwa muda. Majaribio mengine ya miaka ya 2004 na 2005 yalikuta chapa duni zimerejea madukani. Kilichowasikitisha watafiti ni kwamba mnunuzi hakuwa na njia ya kutofautisha nzuri na mbaya kwa macho, na kwamba paneli za amofasi kama aina zilisingiziwa makosa ya watengenezaji wachache.

Funzo hilo lahusu kompyuta pia. Laiti mtu angeiga mtambo wa paneli hizo kwa wati za kibandiko, kompyuta ingempa jibu safi lenye desimali mbili, nalo lingekuwa uongo.

Anayeandika faili ni nani?

Programu kama PVsyst haiijui paneli. Husoma faili lenye tarakimu zake, na mara nyingi faili hilo hutoka kwa mtengenezaji. Ndani yake mna thamani ambazo mteja hawezi kuziona katika hati ya kawaida, mathalani ukinzani wa ndani wa seli. Thamani hiyo ikipandishwa kidogo, paneli huonekana ikifanya vyema zaidi katika mwanga hafifu, na jumla ya mwaka hupanda bila paneli yenyewe kubadilika.

Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 61853, kinachotaka paneli ipimwe katika viwango mbalimbali vya mwanga na joto badala ya kimoja. Faili lililojazwa kutokana na vipimo vya maabara huru kwa kufuata kiwango hicho ni la kuaminika zaidi kuliko lililojazwa na idara ya mauzo.

Kadhalika, tazama uvumilivu wa wati. Zamani ilikuwa kawaida paneli ya wati 100 kuruhusiwa kuwa 97 au 103. Nyingi za leo huuzwa kwa ahadi ya kutopungua chini ya wati zilizoandikwa. Kwa paneli yenye uvumilivu wa sufuri hadi asilimia 3 juu, PVsyst huongeza asilimia 0.75 katika makadirio isipoelekezwa vinginevyo. Nyongeza hiyo haimdhuru mtu iwapo ahadi ni ya kweli.

Paneli zinazopokea mwanga pande mbili zimeleta mjadala mpya. Zikisimamishwa juu ya mchanga mweupe na kuinuliwa vya kutosha, uso wa nyuma waweza kuongeza asilimia kadhaa ya umeme. Zikilazwa juu ya mabati, nyuma ni giza. Anayeuziwa paneli hizo kwa ajili ya paa na kuonyeshwa nyongeza ya asilimia 10 ana haki ya kuuliza mwanga huo watoka wapi.

Kuhusu vivuli, itoshe kusema kwamba paneli ya kawaida hugawanywa katika sehemu tatu kwa vifaa vinavyoruhusu umeme kupita kando ya sehemu iliyozibwa, na kwamba zile za seli zilizokatwa nusu huvumilia zaidi kivuli cha upande mmoja. Mwembe uliopo mashariki mwa paa bado ni tatizo la mwembe.

Mwenye kutaka kukagua kabrasha alilopewa aweza kuanza na PVGIS, ambayo yahitaji tu mahali, ukubwa wa mtambo, mwinamo na asilimia ya upotevu. Programu hiyo haiulizi jina la paneli. Huuliza aina tu, na kwa silikoni ya fuwele hutumia tabia ya wastani. Kwa hivyo haiwezi kuvutiwa na faili la muuzaji. Iwapo tarakimu ya mwanakandarasi yaizidi ile ya PVGIS kwa zaidi ya asilimia 10, aombwe mchoro wa upotevu ambao PVsyst huuchapisha mwishoni mwa ripoti, na aeleze mstari kwa mstari: joto, mwanga hafifu, ubora wa paneli, mshuko wa mwanzo, vumbi na nyaya. Mstari wenye sufuri ndio wa kuulizwa kwanza.